Marejesho ya ufuko na mabadiliko ya matumizi ya ardhi: kwa nini kamati iyapokee mezani pamoja

Swali la msomaji: "Mimi ni diwani niliyeingia kwenye kamati ya mipango mwaka huu. Tumeletewa mambo mawili na idara mbili tofauti. La kwanza ni mradi wa kurejesha kipande cha pwani kilicholiwa na bahari, kwa kumwaga mchanga upande wa ufuko na kupanda mikoko upande wa hori. La pili ni ombi la kubadili matumizi ya ardhi iliyo nyuma ya kipande hicho hicho, kutoka eneo la wazi na mashamba kuwa eneo la hoteli na makazi. Tumeambiwa kila jambo litakuwa na kikao chake, na kwamba la pili ndilo litakalolipia la kwanza. Nina makabrasha mengi na siku chache. Nianze kusoma nini, na nitajuaje kama marejesho haya ni ya kweli?"

Jibu:

Mheshimiwa diwani, katika swali lako kuna neno moja linalobeba uzito wote, nalo ni "nyuma". Kinachoamua kama ufuko uliorejeshwa utadumu, mara nyingi kuliko mchanga utakaomwagwa au miche itakayopandwa, ni kile kitakachoruhusiwa kujengwa nyuma yake. Kwa sababu hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba kamati yako iombe mambo haya mawili yaletwe katika kikao kimoja, yakiwa yamechorwa juu ya ramani moja yenye kipimo kimoja. Ukianza na kabrasha lolote, anza na ramani hiyo. Kama haipo, kutokuwepo kwake ndiyo hoja yako ya kwanza kikaoni.

Nieleze sababu kwa kirefu kidogo, maana usipoielewa utashindwa kuitetea mbele ya watu wenye michoro mizuri. Ufuko wa mchanga hauna mpaka uliosimama. Mchanga tunaoukanyaga ni sehemu ndogo tu ya fungu moja kubwa linaloanzia kwenye matuta yenye majani, linapita ufukoni na kuendelea chini ya maji hadi pale mawimbi yasipoweza tena kuisukasuka sakafu ya bahari. Dhoruba inapokuja, mawimbi huchota mchanga wa juu na kuulaza chini ya maji karibu na ufuko, na huko fungu lililolazwa huyavunja mawimbi yanayofuata kabla hayajafika nchi kavu. Hali ikitulia, mawimbi madogo huurudisha mchanga huo polepole, na upepo huupandisha tena kwenye matuta. Tuta, kwa maneno mengine, ni ghala la ufuko. Anayejenga juu ya tuta, au anayelisawazisha ili wageni waone bahari vizuri, amelifunga ghala hilo, na dhoruba itakayofuata itachota mchanga mahali pengine, aghalabu chini ya msingi wa jengo lenyewe. Hapo ndipo mwenye jengo anapokuja kwenye halmashauri kuomba kibali cha ukuta wa zege. Na mawimbi yanayogonga ukuta huo huchota mchanga ulio mbele yake mpaka ufuko uliorejeshwa kwa fedha za umma unabaki kuwa maji na ukuta.

Upande wa hori mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Mikoko huishi katika ukanda mwembamba, takriban kati ya usawa wa wastani wa bahari na kilele cha bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Bahari ikipanda, ukanda huo nao hupanda, na msitu husogea kuelekea nchi kavu kizazi kwa kizazi iwapo una mahali pa kwenda. Ukikuta uzio, barabara iliyoinuliwa au kifusi, msitu hubanwa kati ya maji yanayopanda mbele na zege lililosimama nyuma, na huzama papo hapo ulipo.

Na bahari inapanda. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza kwamba wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kati ya 2006 na 2018 kasi ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Makadirio ya ripoti hiyo kwa mwaka 2100, yakilinganishwa na kipindi cha 1995 hadi 2014, ni kupanda kwa sentimita 28 hadi 55 iwapo gesijoto zitapunguzwa mno, na sentimita 63 hadi 101 iwapo zitaachwa ziongezeke mno. Nambari hizi zinaonekana ndogo hadi zigeuzwe kuwa umbali wa mlalo. Mhandisi Per Bruun wa Denmark alipendekeza mwaka 1962 njia ya kukadiria jambo hili, na kwa fuko nyingi za mchanga hesabu yake hutoa jibu kwamba kila sentimita moja ya kupanda kwa maji husogeza ufuko nyuma kwa sentimita 50 hadi 100. Njia hiyo imekosolewa sana, na kwa haki, kwa kuwa haizingatii mchanga unaosafiri kando ya pwani. Usikubali itumike peke yake kuamua jambo lolote. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwamba jengo linalotarajiwa kusimama kwa miaka 60 haliwezi kupangwa kwa kutazama mstari wa maji wa leo.

Hapo tunafika kwenye mstari wenyewe. Kila ramani ya pwani ina mstari ulioandikwa usawa wa maji kujaa, na kutoka hapo ndipo hupimwa mita za hifadhi ambazo hazijengwi. Uliza mstari huo ulipimwa lini, kwa maji gani, na nani aliyeupima. Sisemi hili kwa nadharia. Niliwahi kuombwa kupitia ramani ya mradi unaofanana na wenu, nikaenda kwenye eneo siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikiwa na ramani mkononi na kigingi cha zege chenye rangi nyekundu mbele yangu, kile ambacho wapimaji walikuwa wamekisimika kuonyesha mwisho wa maji. Maji yalipojaa yalikipita kigingi bila kusita. Yaliendelea hatua ishirini na moja za miguu yangu na kusimama kwenye mizizi ya mchu mmoja mzee, mti wa jamii ya mikoko, ambao gome lake lilikuwa na doa jeusi la unyevu lililoonyesha wazi kwamba maji hufika pale mara kwa mara. Upimaji ulikuwa umefanywa wakati wa maji mafu, yale yasiyojaa sana. Hakuna aliyedanganya, mpimaji alipima alichokikuta siku aliyotumwa. Lakini hatua zile ishirini na moja zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kuwa viwanja.

Omba basi kwamba mstari uwekwe kwa kufuata bamvua za mwaka mzima, na ikiwezekana rekodi ndefu zaidi, kwa kuwa upeo wa kupwa na kujaa hubadilika katika mzunguko wa miaka 18.6 unaotokana na njia ya mwezi, na mwaka mmoja wa upimaji unaweza kuangukia kwenye kipindi cha maji ya chini. Omba pia misimu yote miwili iwakilishwe. Ufuko unaonona wakati wa kaskazi unaweza kukonda sana wakati wa kusi, au kinyume chake kulingana na unavyoelekea, na picha ya mwezi mmoja haisemi lolote juu ya mwelekeo wa miaka.

Kuhusu upana wa hifadhi, sheria za nchi hutofautiana, nawe unafungwa na ya kwenu. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1986, huzuia ujenzi katika mita 100 kutoka pwani nje ya maeneo yaliyokwisha kuwa mji; Hispania mwaka 1988 iliweka ukanda wa ulinzi wa mita 100; na itifaki ya mwaka 2008 ya nchi za Bahari ya Mediterania nayo ilichukua mita 100 kuwa kiwango cha msingi. Faida ya nambari moja ni kwamba kila mtu anaielewa na ni vigumu kuichezea. Udhaifu wake ni kwamba inautazama ufuko unaopoteza mita mbili kwa mwaka na ule usiosogea kabisa kwa jicho moja. Jimbo la North Carolina nchini Marekani lilichukua njia nyingine tangu mwaka 1979: jengo dogo lazima liwe nyuma ya mstari wa majani ya kudumu kwa umbali usiopungua mara 30 ya wastani wa mmomonyoko wa mwaka mahali pale, na majengo makubwa hurudishwa nyuma zaidi. Mimi naipenda njia hii ya pili, kwa sababu inamlazimu mwombaji kujua kasi ya mmomonyoko wa kiwanja chake kabla ya kuchora jengo. Hata kama sheria yenu inataja mita tu, hakuna kinachoizuia kamati kutaka kujua kasi hiyo na kuiandika kuwa sharti la ziada, mradi mwanasheria wenu athibitishe kuwa mamlaka hayo mnayo.

Kasi hiyo inaweza kukadiriwa na mtu yeyote mwenye subira. Picha za setilaiti za Landsat zenye uwezo wa kutenganisha mita 30 zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na zilifunguliwa bure kwa umma mwaka 2008. Zile za Sentinel-2, zenye mita 10, zilianza mwaka 2015. Mwombe afisa wa ramani wa halmashauri achague picha za msimu mmoja na hali moja ya maji, achore ukingo wa majani kwa miaka minne au mitano tofauti, na azibandike juu ya ramani ya mapendekezo. Kosa la upimaji litakuwa mita kadhaa, kwa hiyo mabadiliko madogo ya mwaka hadi mwaka hayatasomeka, lakini mwelekeo wa miaka 30 utaonekana kwa macho.

Sasa niseme juu ya marejesho yenyewe. Ulitaka kujua kama ni ya kweli. Kigezo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: je, andiko la mradi linaeleza kwa nini pwani ililiwa? Sizungumzii sentensi moja inayotaja mabadiliko ya tabianchi, bali maelezo ya mchanga ulikuwa unatoka wapi, ulikuwa unaenda wapi, na ni nini kilichokata safari yake. Huenda ni bwawa lililozuia mchanga wa mto, huenda ni wachimbaji wa mchanga, na mara nyingi sana ni ukuta wa mawe au gati lililoingia baharini upande ule mchanga unakotokea. Mfano unaojulikana mno ni wa pwani ya Maryland, Marekani. Kimbunga cha mwaka 1933 kilifungua mlango wa bahari kusini mwa mji wa Ocean City, na wahandisi wakajenga kuta za mawe ili mlango usizibe. Mchanga uliokuwa ukisafiri kwenda kusini ulirundikana upande wa mji, na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Assateague, iliyonyimwa mchanga huo, ilisogea nyuma kiasi cha kuachana kabisa na mstari wake wa zamani. Pwani ya jirani aliye upande mchanga unakoelekea ndiyo hulipa, na ndiyo maana tathmini ya athari kwa mazingira inayokomea kwenye mipaka ya kiwanja haijatathmini pwani. Mradi wenu ukimwaga mchanga bila kugusa chanzo cha upungufu, mchanga utakwenda njia ile ile ulikokwenda wa kwanza.

Kumwaga mchanga si kosa, lakini ni matumizi ya kila baada ya miaka kadhaa, kama ukarabati wa barabara ya vumbi. Uholanzi iliamua mwaka 1990 kuushikilia mstari wake wa pwani kwa njia hiyo, na tangu 2001 imekuwa ikimwaga wastani wa takriban mita za ujazo milioni 12 kila mwaka. Mwaka 2011 ililaza fungu moja la majaribio la mita za ujazo zipatazo milioni 21.5, ili mawimbi na upepo viusambaze mchanga vyenyewe kwa miaka mingi. Yote hayo yanawezekana kwa kuwa kuna taasisi ya taifa yenye bajeti ya kudumu na wapimaji wanaopima pwani nzima kila mwaka. Ukikuta katika kabrasha lako gharama ya umwagaji wa mara moja tu, uliza awamu ya pili italipwa na nani na mwaka gani. Swali hilo pekee limewahi kubadilisha mazungumzo ya kikao kizima nikiwa nimekaa humo ndani.

Mikoko inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha. Miche iliyopangwa mistari kwenye tope la wazi hupendeza siku ya uzinduzi, na kwa bahati mbaya tope hilo la wazi, lililo chini sana na linalofunikwa na maji kwa saa nyingi mno, ndiko mikoko isikokua kwa asili. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, watafiti walipopitia upandaji uliofanywa Sri Lanka walikuta kwamba katika hekta zipatazo 1,000 hadi 1,200 zilizoshughulikiwa, ni kama 200 tu zilizofanikiwa, na katika maeneo 9 kati ya 23 waliyoyachunguza hakukubaki mche hata mmoja ulio hai. Ufilipino nako miradi mikubwa ilipoteza sehemu kubwa ya miche, na moja ya sababu zilizotajwa ni kuchagua mti kwa wepesi wa kupanda. Mkoko wenye mbegu ndefu ni rahisi kuuchomeka kwenye tope, kwa hiyo huchomekwa kila mahali, hata pale mbele kabisa ya bahari ambapo kwa asili hukaa aina nyingine za mikoko, mlilana na mchu. Mimi mwenyewe nimeshika mche wa miezi minane uliochomekwa mahali pasipo pake: majani mawili ya manjano juu, na shina lote likiwa limevikwa viumbe wadogo wenye magamba magumu, wazito kuliko mche wenyewe, ukilala kila wimbi linapopita.

Njia iliyo bora ni kurudisha njia za maji kwanza. Robin Lewis, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi hii Florida kwa miongo kadhaa, alionyesha kwamba pale maji ya kupwa na kujaa yanaporudishwa kwenye usawa unaofaa, kwa kuondoa kifusi, kufungua matuta ya mabwawa yaliyoachwa au kuweka makaravati chini ya barabara, mbegu huja zenyewe na msitu hujiotea. Upandaji hubaki kuwa msaada pale mbegu zinapokosekana. Kwa hiyo katika andiko lenu tafuta fungu la bajeti la kupima mwinuko wa ardhi na kufungua maji. Kama fungu hilo halipo na idadi ya miche ipo, na hasa kama mafanikio yatapimwa kwa miche iliyopandwa badala ya miti iliyo hai baada ya miaka mitano, una sababu nzuri ya kuurudisha mradi kwa watayarishaji. Chunguza pia kama ardhi yenyewe inazama. Huko Demak, katika Java ya Kati nchini Indonesia, jamii za wavuvi na wataalamu walijenga vizuizi vya mianzi na matawi vinavyonasa tope ili mikoko ijiotee, na tope kweli lilinaswa mahali pengi. Lakini uvutaji wa maji ya ardhini katika ukanda ule unaishusha ardhi kwa kasi inayoshinda sehemu kubwa ya juhudi hizo. Ukanda mnaotaka kuuruhusu hoteli utapata maji wapi? Kama jibu ni visima, basi ombi la pili linaweza kulizamisha la kwanza kwa maana halisi ya neno hilo.

Nije sasa kwenye hoja uliyoambiwa, kwamba moja litalipia jingine. Siikatai moja kwa moja. Si haramu mwenye kunufaika na pwani iliyo salama kuchangia gharama zake, na halmashauri nyingi hazina fedha nyingine. Tatizo liko kwenye mpangilio wa hatua. Badiliko la matumizi ya ardhi hutokea siku moja, kwa kura moja, na tangu siku hiyo thamani ya ardhi hupanda na haki huanza kujengeka juu yake. Marejesho yanahitaji miaka kumi kuthibitika. Ukitoa kitu cha siku moja kwa ahadi ya miaka kumi, umebaki bila nguvu ya kudai.

Kurudisha haki uliyoitoa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1986 mwekezaji aitwaye David Lucas alinunua viwanja viwili vya ufukoni huko Isle of Palms, South Carolina, kwa dola 975,000. Mwaka 1988 jimbo lilitunga sheria ya kulinda fuko, na mstari mpya ukamzuia kujenga nyumba. Alishtaki, na mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kanuni inayomwondolea mmiliki manufaa yote ya kiuchumi ya ardhi yake inadai fidia, isipokuwa kama misingi ya zamani ya sheria ya mali ilikwisha kulizuia jambo hilo. Jimbo liliishia kuvinunua viwanja vile, na baadaye likaviuza vijengwe, kwa kuwa halikutaka kubeba gharama hiyo. Sheria za nchi yenu si za Marekani, na huenda ardhi kwenu inamilikiwa kwa misingi mingine kabisa. Funzo kwa kamati ya mipango ni lile lile, kwamba ni rahisi na nafuu kutoruhusu kuliko kuruhusu kisha kufuta.

Kwa hiyo ningependekeza utaratibu uwe hivi. Kamati ipitishe kwanza mpango wa marejesho pamoja na ukanda wa nyuma ambao ufuko na mikoko vitauhitaji kwa miaka 60 au zaidi ijayo, na ukanda huo ubaki wazi bila kuguswa na ombi la pili. Ardhi itakayobaki nyuma ya ukanda huo ndiyo ijadiliwe kwa hoteli na makazi. Mchango wa mwekezaji uwekwe kwenye akaunti ya dhamana kabla ya kibali cha kwanza cha ujenzi, na utolewe kwa hatua zinazopimika. Vibali vya majengo yaliyo karibu zaidi na maji viwe vya muda, kwa majengo yanayoweza kung'olewa, na viseme waziwazi kwamba mstari wa majani ukifika umbali fulani kutoka kwenye jengo, mwenye jengo ataliondoa kwa gharama yake na hataomba ukuta. Sharti hilo la kutokuwepo ukuta ndilo litakalopigwa vita kuliko yote; lishikilie. North Carolina ilianza kupiga marufuku kuta ngumu kwenye fuko zake za bahari kwa kanuni ya mwaka 1985, na mwaka 2003 ikaiandika katika sheria. Maryland, kwa sheria ya mwaka 2008, humtaka mmiliki atumie mimea na vifaa vya asili kulinda ukingo wake, isipokuwa akithibitisha kwamba mahali pake haiwezekani.

Kwamba mambo haya mawili yanaweza kupangwa pamoja kumeshaonekana. Huko Medmerry, kusini mwa Uingereza, badala ya kuendelea kuutengeneza kila mwaka ukingo wa kokoto uliokuwa ukibomolewa na dhoruba, mamlaka zilijenga kwanza tuta jipya la karibu kilomita 7 ndani ya nchi kavu, kisha mwezi Septemba 2013 zikakata ukingo wa zamani na kuiachia bahari nafasi iliyokwisha kupangwa kuwa yake. Walioamua mahali pa tuta waliamua papo hapo nini kitakuwa mbele yake na nini nyuma yake.

Kuhusu watu, nitasema machache kwa kuwa naamini diwani anawajua kuliko mimi. Hakikisha ramani ile moja inaonyesha mahali vyombo vinapopandishwa, njia za kushukia pwani, mahali wanawake wanapookota chaza na pweza wakati wa kupwa, na makaburi au maeneo ya ibada yaliyopo. Vitu hivyo havionekani kwenye picha ya setilaiti, na kisichokuwa kwenye ramani huchukuliwa kuwa hakipo. Wananchi waisikie rasimu kabla haijawa rasimu ya mwisho, kwa lugha wanayoitumia, na majibu ya maoni yao yaandikwe moja baada ya jingine. Mjumbe yeyote wa kamati mwenye ardhi katika ukanda huo atangaze na atoke nje wakati wa kura.

Umesema una siku chache. Basi usijaribu kuyasoma makabrasha yote. Soma ramani, soma sura inayoeleza chanzo cha mmomonyoko, soma jedwali la gharama baada ya mwaka wa tatu, na soma masharti ya kibali yaliyopendekezwa. Kama mojawapo ya hayo manne halipo, toa hoja kwamba mambo yote mawili yaahirishwe hadi lipatikane, na uombe hoja hiyo iingizwe kwenye muhtasari kwa maneno yako mwenyewe. Kabla ya kikao, tazama jedwali la maji, chagua siku ya bamvua, nenda na ramani pamoja na mvuvi mmoja mzee na afisa mipango wenu. Simameni mahali ambapo uzio wa mbele umechorwa, na mngoje mpaka maji yamalize kujaa. Pigeni picha, andikeni saa na tarehe, na ziambatanisheni picha hizo na hoja yako.